Jogoo Kahama, Sisi Tunafuata

Karakana ya Milango,
Mtaa wa Dunda,
Bagamoyo.
Jumatano, 14 Agosti 2024

Mpendwa binamu yangu Shufaa,

Assalaam alaykum warahmatullah. Na shikamoo pia, kwa kuwa ulinitangulia kuja duniani kwa msimu mmoja wa maembe na tangu hapo hujaniruhusu nisahau. Hujambo? Kifua chako kinaionaje baridi ya huko Songea? Nasikia mnavaa makoti mpaka harusini. Shemeji Mohamedi hajambo? Na mjukuu wetu Dija ameanza kutembea, au bado anajiburuta sakafuni kama alivyokuwa akijiburuta nyanya yake, ambaye jina lake sitalitaja?

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua na bado linakosea. Zuwena ni mzima kuliko mimi, kama kawaida yake.

Sasa kaa vizuri, futa miwani, maana nina tangazo. Kwa heshima na taadhima, ninawatangazia ndugu, jamaa na marafiki popote walipo kwamba jogoo wetu amehama. Makabidhiano yalifanyika Jumapili baada ya sala ya Alasiri, uani kwa jirani yetu Bi Batuli, mbele ya mashahidi: mimi, Batuli, na mitetea yake. Mhusika alikabidhiwa akiwa na afya njema na manyoya yake yote. Hotuba hazikuwepo, ingawa yeye mwenyewe alijaribu.

Cheka tu. Lakini mtu hampi jirani jogoo wake kama bado anategemea kuamkia nyumba ile ile. Ndiyo, Shufaa. Mimi na Zuwena tunahamia kwenye mashua. Hatuendi kutembea. Tunakwenda kuishi: kulala humo, kupika humo, kufua, kuugua na kupona humo humo.

Najua umeshasikia. Mdogo wangu Alawi alinipiga picha nimebeba godoro kichwani ufukweni Mlingotini, akairusha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp na maneno, "Kaka kafukuzwa." Kabla sijafika nyumbani tayari nilikuwa nimetalikiwa, nimefilisika, na jini la baharini limenichagua kwa sababu linazozijua lenyewe. Kisha ikaja sauti ya mama yako, Shangazi Kibibi. Uliisikiliza? Mimi niliisikiliza nimesimama, kama wimbo wa taifa. "Sadallah amepata kichaa. Anataka kumtosa mtoto wa watu baharini uzeeni. Sitaki kusikia."

Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Kundi lile halina mlango, na mimi ni fundi wa milango, siwezi kusema siri mahali kama pale.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua kwetu hatuhamii nyumba kienyeji. Mkubwa wa ukoo hutangulia na chetezo, akafukiza ubani kila pembe, akasoma dua, ndipo wenyewe wakaingia na maji yao na chumvi yao. Tangu wazee wetu waliposhika njia yao, mkubwa ni mama yako. Na Zuwena ameshasema neno lake: bila Shangazi kutia mguu mashuani na chetezo, yeye hahamii, hata kama mimi nitapiga magoti. Shangazi naye amesema mguu wake hautafika. Ameitisha kikao cha ukoo Jumapili ijayo. Kwa hiyo nyumba yetu hivi sasa iko katikati ya wanawake wawili wanaoheshimiana mno, na mimi niko chini yake kama tofali.

Wewe ndiye mtoto anayesikilizwa. Mpigie simu mama yako. Lakini kwanza nisikilize mimi, ujue unatetea nini.

Mashua ni ya shemeji yangu Khamis wa Pangani. Ni ya mbao, ina injini, na upande wa nyuma ina chumba cha kutosha watu wawili wanaopendana au mmoja anayejinyoosha. Jina lake *Saida*, jina la mama yao marehemu. Mgongo umemkataza Khamis bahari, akasema heri ibaki mikononi mwa dada yake Zuwena kuliko aiuze kwa mtu atakayeitia samadi ya kuku. Tukaileta Mlingotini, tukaipandisha juu ya mchanga ipigwe kalafati, nyufa zizibwe, tukakubaliana tuijaribu kwanza kabla ya kukata shauri.

Mimi nikaweka sharti. Nilisema, mahali pa kuishi ni pale ninapojua kibla bila kuuliza. Basi mashua ilipokuwa bado imeegemezwa magogo, nilichukua patasi yangu ndogo nikachonga kishubaka ukutani mwa chumba, upande wa omo, yaani mbele: maua pembezoni, mnyororo juu yake, na katikati mshale umeelekea kaskazini sawasawa, Makka moja kwa moja. Binamu, nimechonga milango iliyokwenda mpaka Uarabuni, lakini kazi safi kama ile sijapata kuifanya. Watu walikuja kutazama. Mafundi wa mashua walisema mashallah, kisha wakaangaliana. Wakati ule nilidhani wanaona wivu.

Tukashusha mashua kwenye maji ya ghuba, mahali palipotulia, mikoko nyuma yetu. Zuwena akatia nanga kwa mkono wake. Ikafika Alasiri. Mimi nikaingia chumbani kwangu kwa fahari, nikasimama mbele ya kishubaka. Yeye alitandika msala wake juu ya sitaha, hewani. Nikamwona kupitia mlangoni amesimama, amefumba macho, miguu imeachana kidogo, haanzi.

"Unangoja nini?" nikamuuliza.

"Nangoja nijue imelala vipi."

Sikumwelewa. Nikaleta takbira yangu, na kwa kuwa nilikuwa nimefurahi, nikasoma sura ndefu. Nilikuwa nasali kama mtu anayepigwa picha. Kumbe wakati nasoma, maji yaliyokuwa yanajaa yamechoka kujaa, yameanza kutoka. Na chombo kilichofungwa nanga, Shufaa, hufuata maji. Kikageuka taratibu, bila kelele, bila kuniomba ruhusa, mimi na mshale wangu na maua yangu ndani yake.

Nilipotoa salamu nikatoka nje, nikamkuta Zuwena amemaliza, ameketi amenipa kisogo.

"Mke wangu, mbona umeelekea Bagamoyo?"

Akageuka akanitazama, akatazama jua, akakitazama kile kishubaka changu mlangoni. "Na wewe mume wangu, mbona umeelekea Kunduchi, kusini?"

Alicheka mpaka akalala juu ya msala. Yeye alikuwa anageuka kidogo kidogo pamoja na mashua, kila rakaa anairekebisha miguu, kama alivyofundishwa na baba yake. Mimi nilikuwa nimemchongea Mwenyezi Mungu mshale kwenye kitu kinachozunguka. Ni kosa la mtu aliyeishi maisha yake yote na kuta zisizokwenda popote. Ile sala niliirudia nje, nikiwa mdogo kama punje ya mtama.

Nisiseme mengi juu ya tumbo langu. Siku za mwanzo nilikirudisha kila nilichokula. Jogoo naye, maana tulimchukua kwa majaribio, alikaa juu ya dumu la maji akiwa amevimba shingo na hakuwika hata mara moja. Katika jambo hili mimi na yeye tulikuwa chama kimoja. Zuwena alinishika paji la uso na kuniambia, "Bahari haikutakii ubaya, baba Hafidha. Inakujulia hali tu." Nikamwambia inajulia hali kwa kusukuma.

Lakini yapo niliyoyaona, na hapo mzaha unaniishia.

Kuna alfajiri, adhana ya Mlingotini inatoka kwanza, halafu ya Kaole, halafu za Bagamoyo mjini moja baada ya nyingine, zinakuja juu ya maji zikipishana, na wewe umelala katikati yake. Nyumbani adhana huingia dirishani. Kule haina mahali pa kuingilia, maana uko ndani yake tayari. Nililala pale machozi yakinitoka na sikujua nalilia nini, nikasingizia moshi wa jiko, na jiko lenyewe lilikuwa la gesi.

Kuna asubuhi unaamka bahari imeondoka. Jana ulitupa ndoo ukachota, leo kina mama wa mwani wanapita hapo kwa miguu na vigingi vyao, wanazungumza habari za harusi, wanakuuliza umeamkaje. Halafu maji yanarudi. Hakuna anayeyaita. Yanaingia kwenye vijia vya mchanga kama vidole vinavyopapasa, yanainua chombo kizito, na watu wake, na masufuria yao, bila kumwaga chai. Nimeishi hatua chache kutoka bahari hii tangu nizaliwe, Shufaa, na sikujua. Niliiona kama mtu anavyoiona saa ya ukutani ya jirani.

Na kuna nyangumi.

Zuwena alitaka tutoke nje ya ghuba asubuhi moja kabla ya upepo kuamka. Alishika usukani mwenyewe, mtandio ameufunga kiunoni. Wavuvi waliopishana nasi walisahau kujibu salamu. Mimi nilikuwa nimelala sitahani, shavu juu ya ubao, nikimwomba Mungu mambo mafupi mafupi. Mara nikasikia kitu. Kusema kweli nilikisikia kwa shavu kabla ya sikio. Ilikuwa sauti ndefu inayopanda kupitia mbao, inashuka, inakatika, inaanza tena, kama mtu anayeimba peke yake katika nyumba kubwa isiyo na vyombo. Nikadhani ni injini. Nikamwambia Zuwena. Akazima injini. Sauti ikabaki.

Halafu maji yakafunguka upande wa kushoto. Sijui neno jingine. Mgongo ukatoka, ukaendelea kutoka, ukaendelea, mpaka nikawa nangoja uishe kama unavyongoja treni ya mizigo ipite. Ubavuni mwake kulikuwa na mwingine mdogo, mtoto, mdogo maana yake kama mashua yetu. Yule mkubwa akatoa pumzi, na pumzi ile ikatunyeshea. Ilikuwa na harufu ya uvundo wa samaki na ya kitu cha zamani sana. Zuwena alikuwa anasema subhanallah, subhanallah, kwa sauti ndogo, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nimechonga samaki kwenye milango ya watu tangu ujana wangu, nikipewa sifa kwamba wanaonekana hai. Mungu anisamehe, samaki wangu wale ni maandazi.

Tangu siku hiyo kila ninayekutana naye namwambia kwamba pale ndipo nilipokata shauri. Ndivyo nilivyoandika kwenye kundi, ndivyo nilivyomwambia mama yako: nimemwona nyangumi, nimeamua, tunahamia majini, na atakayenilaumu anilaumu mimi. Na watu wamenilaumu kwa moyo mweupe kabisa.

Nyumba ya Dunda atakaa Alawi na wanawe. Sasa unaweza kukisia kwa nini picha ile ilirushwa kwa furaha kiasi kile. Karakana yangu inabaki palepale, nitakuwa nakuja kwa bodaboda asubuhi na kurudi jioni, kama mfanyakazi wa ofisi, ila ofisi yangu ndiyo itakuwa haitikisiki.

Nisalimie shemeji Mohamedi, mwambie kahawa aliyotutumia imekwisha na kopo linamkumbuka. Nisalimie mwanao Amiri na mkewe, na umbusu Dija mashavu yote mawili. Zuwena anakusalimu sana. Batuli anakusalimu. Binti yangu Hafidha amepiga kutoka Tanga, anakusalimu na ananicheka.

Hapa ndipo nilipotaka kutia saini. Zuwena ametoka, amekwenda sokoni, na nimekaa na karatasi hii nimeshindwa kuikunja. Huwezi kumtetea mtu kwa mama yako huku nimekupa nusu ya kisa. Acha nikwambie lililotokea kweli.

Mashua ile sikuitaka mimi. Khamis alipoitaja kwa mara ya kwanza, palepale uani kwetu, Zuwena alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua, lakini nikaona anaurudia mchele uleule aliokwisha uchambua. Unajua kisa chake: mama yao alifariki Zuwena akiwa mdogo, na baba yao, Nahodha Majaliwa, akamlea chomboni, baina ya Pangani na Tanga na Pemba, mpaka alipokua msichana watu wakaanza kusema. Ndipo akashushwa, akakabidhiwa kwa bibi yake, akawa mtu wa nchi kavu. Hajawahi kunilalamikia. Hakuniomba mashua pia. Nilimwuliza mimi, "Tuijaribu?" naye akasema, "Ukipenda wewe."

Na yule nyangumi hakunifanya nitake kuhama. Alinifanya nitake kurudi nyumbani. Kitu cha ukubwa ule kinaweza kupita chini ya godoro langu bila kubisha hodi! Jioni ile nilifungasha nguo zangu. Tulipokuwa kwenye bajaji tunarudi Dunda, jogoo mapajani mwangu, nikamwambia Zuwena kwamba nimeona, nimeshukuru, lakini nyumba ni nyumba, mimi siwezi. Akasema, "Sawa, mume wangu." Hakununa. Alinishika mkono njia nzima. Heri angenuna.

Kesho yake, Alasiri, nimetoka kutawadha, napita mlango wa chumba cha uani. Unakijua chumba kile. Kibla yake haijasogea tangu babu yetu aliposimamisha kuta. Nikamkuta Zuwena kwenye msala wake. Amefumba macho. Miguu imeachana kidogo. Haanzi.

Shufaa, hivyo ndivyo anavyosimama tangu nilipomwoa. Kabla ya kila sala. Mimi nilidhani ni unyenyekevu, nikajisifu kwa watu. Mama yako mwenyewe humwonyesha kwa wasichana: mtazameni mke wa Sadallah, anavyojituliza kabla ya takbira. Na huenda ni unyenyekevu pia, sina haki ya kusema. Lakini siku ile nilikuwa nimetoka mashuani, nimeliona jambo hilohilo juu ya sitaha, na nililijua. Alikuwa anangoja ajue imelala vipi. Miaka yote hii, sala kwa sala, ndani ya nyumba ya mawe, mke wangu ameipa nyumba yangu nafasi ya kugeuka.

Nilisimama mlangoni, mlango niliouchonga mwenyewe, nikajikuta nangoja pamoja naye. Haikugeuka. Akaleta takbira.

Alipotoa salamu akaniona.

"Vipi, baba Hafidha? Mbona umesimama hapo kama mgeni?"

"Nampeleka jogoo kwa Batuli."

Alielewa mara moja. "Na tumbo lako?"

"Litajifunza."

"Na kishubaka chako, ulichokichonga kwa jasho?"

"Tutatundikia vikombe."

Akacheka. Kisha akaufunika uso kwa mtandio, na mabega yakaendelea kutikisika baada ya kicheko kwisha, nami nikaingia nikakaa naye sakafuni mpaka yakatulia.

Basi nikaandika kwenye kundi kwamba ni wazo langu. Mimi nimezoea kuitwa kichaa katika ukoo huu, jina lenyewe limeshanikaa kama kofia. Yeye ameishi nasi miaka yote bila kuitwa jina baya hata moja, sikutaka aanze sasa. Lakini naona nimekosea hesabu. Shangazi anakataa kuja kwa sababu anamwonea huruma. Anadhani anamlinda.

Mwambie mama yako, binamu. Mwambie wewe, kwa sauti yako, maana nikimwambia mimi atadhani ni jini linasema. Mwambie habari ya kile kituo kabla ya takbira. Chetezo kiko tayari, ubani nimeshanunua, na pale kwenye ubao wa kupandia nitamshika mkono mimi mwenyewe, ingawa huenda yeye ndiye atakayenishika.

Mola akutunzeni nyinyi huko milimani na sisi huku majini, na kila tutakapozungushwa atujaalie tujue upande wa kuelekea.

Wako akupendaye, na anayeanza kuzoea kuyumba,

Sadallah